Carey Francis: mwalimu aliyeacha shule kubwa akaenda kufundisha watoto wa Pumwani

Mwalimu anayepangiwa kazi Kilimatinde hushuka Manyoni, kisha hutafuta usafiri wa kumfikisha kwenye ule ukingo wa Bonde la Ufa, mahali ambapo ukisimama unaiona nchi ya Bahi imelala chini kama mkeka. Wapo wanaofika, wakaripoti, na kabla mvua ya kwanza haijanyesha wameshaandika barua ya kuomba uhamisho. Hatuwalaumu wote. Maji ni shida, nyumba za walimu hazitoshi, na mwaka wa njaa mtoto huja darasani tumbo likiwa tupu.

Wapo pia wanaobaki. Wasikilizaji wetu wa vijiji hivi wanawajua kwa majina, na kila mmoja ana wake wa kumtaja. Leo tunasimulia maisha ya mwalimu mmoja wa zamani ambaye habari yake inatusaidia kuwatazama hao waliobaki kwa jicho jingine. Hakufundisha Kilimatinde. Kazi yake yote ya umisionari aliifanya nchi jirani ya Kenya, na amefariki tangu mwaka 1966. Alikuwa mmisionari wa CMS, shirika lile lile la Kianglikana lililoacha alama zake Mpwapwa, Mvumi na hapa Kilimatinde. Jina lake ni Edward Carey Francis.

Wakenya wenye umri mkubwa wakilisikia jina hilo hufikiri mara moja Alliance, shule ya sekondari iliyowatoa mawaziri, majaji na madaktari. Huko ndiko sifa yake ilikojengwa. Sisi tutafika Alliance, lakini hatutaishia hapo, kwa sababu miaka yake minne ya mwisho, ambayo husimuliwa kwa sentensi moja tu, ndiyo inayotuhusu zaidi.

Kutoka Cambridge hadi Maseno

Carey Francis alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1897. Alikuwa bado kijana Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipomchukua, akatumikia katika jeshi la mizinga. Ndiyo vita ile ile iliyofika hadi kwetu mwaka 1916, majeshi ya Waingereza yalipoichukua Kilimatinde kutoka kwa Wajerumani. Wazee wetu waliobebeshwa mizigo ya majeshi hayo hawakupewa nishani.

Vita ilipokwisha alisoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akafaulu kwa daraja la kwanza. Haukupita muda mrefu akawa mhadhiri katika Peterhouse, chuo kikongwe kuliko vyote vya Cambridge, kilichoanzishwa mwaka 1284. Alikuwa na akili ya hesabu isiyo ya kawaida. Kitabu alichoandika pamoja na J. E. Littlewood, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Uingereza wa karne iliyopita, kilichapishwa mwaka 1928.

Tuseme wazi maana ya jambo hili. Mtu mwenye nafasi ya namna hiyo alikuwa amemaliza safari. Alikuwa na chumba, mshahara, heshima, na wanafunzi waliokwisha kuchujwa nchi nzima. Angeweza kubaki hapo mpaka uzee, na hakuna ambaye angemuuliza neno. Lakini mwaka huo huo wa 1928 aliacha kazi, akapanda meli kuja Afrika Mashariki kama mmisionari, kwa posho ndogo ya mmisionari, kwenda kuongoza shule ya Maseno.

Maseno ipo magharibi mwa Kenya, si mbali na Kisumu na Ziwa Victoria, karibu kabisa na mstari wa ikweta. Shule hiyo ilianzishwa na CMS mwaka 1906. Mwanahisabati wa Cambridge alijikuta akifundisha kujumlisha na kutoa. Wapo waliomwona kama mtu aliyejitupa. Yeye aliichukua kazi hiyo kwa uzito ule ule aliouweka kwenye hisabati ya chuo kikuu, na hapa ndipo tunapoona aina ya mwalimu aliyekuwa. Kumfundisha mtoto wa miaka kumi jinsi ya kugawanya hakukuwa kazi ya chini kwake. Alikaa akatafakari mtoto anakwama wapi, kwa nini anakwama, na swali gani lifuate lipi ili asikwame tena. Matokeo yake yalikuwa vitabu vya hesabu vya shule za msingi, Highway Arithmetic, vilivyotumika miaka mingi katika shule za Kenya na nje ya Kenya. Watoto wengi waliojifunza hesabu kwa vitabu hivyo hawakujua kwamba aliyeviandika alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu.

Maseno alikaa miaka kumi na miwili. Mmoja wa vijana waliopita shuleni hapo ni Jaramogi Oginga Odinga, ambaye baadaye alirudi kufundisha na hatimaye akawa makamu wa kwanza wa rais wa Kenya. Tutamtaja tena, maana hakuwa mtu wa kusifu tu.

Miaka ishirini na miwili Alliance

Mwaka 1940 Carey Francis alihamishiwa Alliance, shule iliyo eneo la Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi. Ilikuwa imeanzishwa mwaka 1926 na makanisa ya Kiprotestanti yaliyoungana kwa ajili hiyo, na jina lake lilitokana na muungano huo. Wakati huo nafasi za sekondari kwa watoto wa Kiafrika zilihesabika kwa vidole. Kijana aliyechaguliwa kwenda Alliance alikuwa amewashinda wenzake wa wilaya nzima, na pengine kijiji kizima kilichanga ada yake.

Aliiongoza shule hiyo hadi mwaka 1962. Alikuwa mkali. Ratiba ilikuwa ratiba, usafi ulikuwa usafi, na uvivu haukuwa na utetezi. Alivaa kaptula, alipenda mpira wa miguu, na hakuoa. Shule ndiyo iliyokuwa nyumba yake. Aliamini jambo moja ambalo katika Kenya ya walowezi halikuwa jambo dogo: kwamba mtoto wa Kiafrika akipewa mwalimu mzuri na mtihani ule ule wa mtoto wa Kizungu, atafaulu vilevile. Hakuishia kulisema. Aliwaandaa vijana wake kwa mitihani ya Cambridge, na matokeo ya Alliance yakaanza kushindana na ya shule za Wazungu zilizokuwa na kila kitu.

Halafu ikaja Hali ya Hatari. Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali hiyo ili kuwakabili wapiganaji wa Mau Mau, na Alliance ilikuwa katikati ya nchi ya Wakikuyu. Baba wa mwanafunzi mmoja alikuwa kizuizini, kaka wa mwingine yuko msituni, na mjomba wa mwingine alikuwa askari wa upande wa serikali. Wote hao walilala bweni moja.

Carey Francis aliipinga Mau Mau, na hakulificha hilo. Lakini alipoona askari wa serikali wakipiga, wakitesa na kuwaonea watu wasio na hatia, alipinga hilo pia na kulipeleka kwa wakubwa, jambo lililowaudhi walowezi wengi waliotaka kila mzungu awe upande mmoja. Jambo kubwa zaidi kwetu ni kwamba shule iliendelea kuwapokea watoto wa pande zote.

Mmoja wao alikuwa kijana kutoka Limuru aliyeingia Alliance mwaka 1955. Kaka yake alikuwa msituni na Mau Mau. Kijana huyo aliporudi nyumbani likizo ya kwanza hakuikuta nyumba. Kijiji chote kilikuwa kimebomolewa kwa amri ya serikali na watu kuhamishiwa penye ulinzi. Alirudi shuleni akaendelea na masomo. Baadaye dunia ilimjua kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, na katika uzee wake aliandika kitabu kizima juu ya miaka yake minne Alliance, ambamo mkuu huyo wa shule anaonekana kwa ukali wake, kwa haki yake na kwa mikanganyiko yake.

Orodha ya waliopita mikononi mwake ni ndefu. Yumo Ronald Ngala, mwanasiasa wa Pwani. Yumo Julius Kiano, mmoja wa Wakenya wa kwanza kupata shahada ya uzamivu. Kenya ilipojitawala Desemba 1963, viti vingi vya baraza la mawaziri vilikaliwa na watu waliowahi kupiga mstari asubuhi Alliance au Maseno.

Alipokosea

Msikilizaji asidhani tunamsimulia malaika. Carey Francis alikuwa mtu wa wakati wake, na alikuwa Mwingereza katika koloni la Waingereza. Aliiamini sana akili ya Mwafrika darasani, lakini alichelewa mno kuiamini katika siasa. Aliwaona wanasiasa wa uhuru kuwa na haraka. Alifikiri kwamba watu wake walihitaji kuongozwa na mmisionari kwa muda mrefu zaidi, kama baba anavyomshika mkono mtoto ambaye ameshajua kutembea. Odinga, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1967, aliandika kwa uwazi juu ya kutoelewana kwake na wamisionari waliotaka kumpangia Mwafrika kila hatua.

Lipo pia la shule yenyewe. Alliance ilikuwa shule ya kuchuja. Ilichukua bora, ikawafanya bora zaidi, na wengi wa hao hawakurudi kijijini. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la Machi 1967, alieleza tatizo hilo hilo kwa shule zetu za Tanzania: elimu inayowaandaa wachache kwa ajili ya kuwaacha wengi. Sisi tunaona hoja hiyo ina uzito. Mwalimu anayepewa mbegu iliyochaguliwa, shamba lenye rutuba na maji, akavuna vizuri, anastahili pongezi, lakini pongezi hizo zina kiasi chake.

Ndiyo maana tunataka kuuangalia vizuri uamuzi wake wa mwaka 1962.

Pumwani

Mwaka huo Carey Francis aliacha ukuu wa Alliance. Alikuwa anakaribia miaka 65. Wakoloni wengi wa umri wake walikuwa wanafunga masanduku, maana uhuru ulikuwa mlangoni na hawakujua utakuja na nini. Angeweza kurudi Uingereza akapumzika. Angeweza pia kukaa Nairobi kama mzee wa heshima, akipokea wageni ambao ni wanafunzi wake wa zamani wenye vyeo vipya. Yeye alikwenda kufundisha katika shule ya sekondari ya Pumwani, si kama mkuu wa shule, bali kama mwalimu wa kawaida wa darasani.

Wengi wetu hatuijui Pumwani, kwa hiyo tueleze. Ni mtaa wa mashariki mwa Nairobi, miongoni mwa mitaa ya kwanza ambayo serikali ya kikoloni iliwatengea Waafrika mjini, katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Kwanza. Ndipo ilipo Majengo, yenye nyumba za Kiswahili zilizogawanywa chumba kwa chumba, familia moja chumba kimoja. Kiswahili kilizungumzwa huko tangu mwanzo, kwa kuwa watu walitoka kila kabila, na wengine walitoka hata nje ya Kenya. Ni mtaa wa wapagazi, wachuuzi, wapishi wa nyumba za watu, na wanawake waliojitafutia riziki peke yao.

Mwezi Aprili 1954, katikati ya Hali ya Hatari, majeshi yaliizingira Nairobi, yakawachukua maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru na kuwapeleka vizuizini. Watoto waliokuwa wadogo wakati huo walikuwa na umri wa sekondari miaka ya 1960. Ukiingia darasa la mtaa kama Pumwani siku zile, hukuhitaji kuuliza kwa nini mtoto fulani hana baba nyumbani.

Tofauti na Alliance ilikuwa hii: Alliance iliwachagua watoto, na mtoto wa Pumwani alikuwa yule ambaye hakuchaguliwa. Hakuwa na bweni wala taa ya kusomea usiku. Chumba alicholala kililaliwa na wadogo zake na wazazi wake, na kelele za mtaa hazikujua kama kesho kuna mtihani. Ada ikikosekana, masomo yanasimama. Huyo ndiye mtoto ambaye mwanahisabati wa Cambridge, akiwa mzee, alimchagua.

Kazi ya kumfundisha mtoto wa namna hiyo ni nyingine kabisa, na walimu wa vijijini mnaotusoma mnaijua kuliko sisi. Kwa mtoto aliyechujwa, mwalimu anasukuma mlango ulio wazi. Kwa mtoto aliyeambiwa na mtihani kwamba hafai, mwalimu anaanza kwa kumrudisha mahali alipopotelea, pengine darasa la tatu au la nne, bila kumwaibisha mbele ya wenzake. Analirudia lile lile leo, kesho na kesho kutwa. Analazimika kujua kwamba usingizi wa saa nne asubuhi si uvivu bali ni njaa au usiku uliokatika. Na mwisho wa mwaka, baada ya kazi yote hiyo, matokeo yake hayatangazwi popote, kwa sababu mtoto aliyetoka sifuri akafika thelathini na tano bado ameandikiwa kuwa ameshindwa.

Kwa maoni yetu, ile miaka minne ya Pumwani ina uzito kuliko miaka ishirini na miwili ya Alliance, ingawa haina orodha ya mawaziri. Kwanza, hakukuwa na cheo cha kupata. Pili, kulikuwa na cheo cha kupoteza: mtu aliyezoea kutoa amri kwa zaidi ya miaka thelathini alikubali kupangiwa vipindi na mwingine. Hilo kwa mzee mwenye tabia yake lazima lilikuwa na ugumu wake. Tatu, linajibu sehemu ya lawama tuliyoitaja juu. Mtu aliyedhaniwa kuwa mwalimu wa wachache alimalizia kazi yake kwa wale walioachwa nje.

Wale wa UPE na wengine

Habari hii inatukumbusha jambo la hapa kwetu. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, serikali iliamua kila mtoto wa Tanzania aingie shule ya msingi, na lengo lilikuwa kufikia hapo mwaka 1977. Walimu wakawa hawatoshi. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakafundishwa ualimu huku wakiwa tayari wanafundisha kijijini. Watu waliwaita walimu wa UPE, na jina hilo mara nyingi lilitamkwa kwa dharau. Elimu yao ilikuwa ndogo, ni kweli. Lakini katika vijiji vingi vya Manyoni na Bahi, vijiji ambavyo ndiyo kwanza vilikuwa vimehamishwa na Operesheni, wao ndio waliosimama mbele ya watoto ambao kabla ya hapo hawakuwa na mwalimu yeyote, mara nyingi chini ya mti, chaki moja ikikatwa vipande.

Hatusemi elimu ya mwalimu haina maana. Carey Francis mwenyewe angekuwa wa kwanza kupinga hilo, maana aliamini kwamba mtoto maskini anastahili mwalimu aliyesoma kuliko wote. Tunasema tu kwamba tumezoea kuwapima walimu kwa wanafunzi waliofaulu. Mkutano wa hadhara ukifanyika, anayesimamishwa kupigiwa makofi ni yule ambaye shule yake imeongoza mkoa. Yule ambaye mwaka huu amefanikiwa kumrudisha shuleni binti aliyekuwa anaozwa, au ambaye mtoto wake wa darasa la tano sasa anasoma barua ya nyumbani bila kusaidiwa, hana safu ya kuandikiwa kwenye fomu ya tathmini. Kamati ya shule inaweza kumjua. Mzazi anaweza kumjua. Barua ya pongezi kutoka kwa serikali ya kijiji, iliyopigwa muhuri na kuwekwa kwenye faili lake, haigharimu kitu zaidi ya karatasi, na mwalimu mwenye nyumba inayovuja hushukuru pia akiona vijana wa kijiji wamepanda juu ya paa.

Carey Francis hakupata nafasi ya kustaafu mara ya pili. Alifariki Nairobi mwezi Julai 1966, akiwa na umri wa miaka 68, bado mwalimu wa Pumwani. Miezi mitatu kabla, Odinga alikuwa amejiuzulu umakamu wa rais, na wanafunzi wa zamani wa mzee huyo walikuwa wamegawanyika pande mbili za siasa za Kenya. Magazeti yalimkumbuka kama mkuu wa Alliance. Shule ya Pumwani ilibaki na pengo la mwalimu mmoja wa darasani.